Upawa wa Mpini wa Mwanzi

Siku mliyoniaga ofisini mlinipa zawadi ya upawa mpya wa kukagulia viluwiluwi vya mbu, mweupe pe, mpini wake umechorwa jina langu. Kabla sijasema ahsante niliuinua mpaka sikioni nikautikisa. Mkacheka sana. Karani wetu akasema mzee anastaafu na bado anawinda mbu. Nami nilicheka kidogo, kwa adabu, nikarudi kitini. Ukweli ni kwamba sikuwa natania. Mpini ule una uwazi ndani, nami sijauamini mpini wenye uwazi tangu nikiwa mwanafunzi.

Baadhi yenu mnajiandaa kwenda chuo kikuu kusomea afya ya mazingira, na mmeniomba niandike jinsi sisi tuliosoma zamani za Mwingereza tulivyoandaliwa kwa kazi hii. Habari za vyeo sitaandika. Majalada yapo, na waliopanda vyeo wanajisifu wenyewe bila kuombwa. Nitaandika habari za chuo, za kisima kimoja cha Temeke, na za upawa niliojitengenezea kwa mikono yangu.

Nilitoka Upare na sanduku la mbao na jozi moja ya viatu. Chuo chetu kilikuwa nje kidogo ya mji, mabanda mawili marefu ya bati, joto lake sitalisahau. Siku ya kwanza mwalimu wetu, Mwingereza mrefu mwenye kaptura iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, alitutembeza juani tangu asubuhi kutazama mitaro ya maji machafu. Tuliporudi, ndimi zimekauka, tulikuta mezani glasi tatu za maji. Akasema moja imetoka bombani, moja kisimani, moja kwenye dimbwi la nyuma ya jiko, na mwenye kiu achague. Wenzangu walinusa, wakainua glasi kwenye mwanga, wakabishana. Mimi nikasema sinywi hata moja. Akaniuliza kwa nini. Nikamjibu kwamba bado simjui vizuri.

Mwalimu akaandika kitu kwenye daftari lake akiwa ameridhika, akanywa glasi moja mwenyewe, mbili akawapa wenzangu wagawane. Zote zilikuwa za bombani. Nilikaa na kiu yangu mpaka wakati wa chakula, lakini tangu siku hiyo nilikuwa mwanafunzi wake bora.

Alitufundisha kwamba bwana afya haamini jicho, haamini pua, na zaidi ya yote haamini mdomo wa mwenye nyumba. Nyama yenye mhuri ikaguliwe upya. Choo kilichopakwa chokaa jana kina jambo. Mama akikukaribisha chai kabla hujafika uani, ujue uani kuna kitu. Sisi wenyewe tulimwita Bwana Suuza, kwa sababu kila kifaa kilichogusa maji alitaka kisuuzwe mara tatu kabla hakijagusa maji mengine, na alisimama nyuma yako akihesabu. Alitufundisha pia kutambua viluwiluwi kwa namna vinavyokaa majini. Mbu wa kawaida, kiluwiluwi chake huning'inia, kichwa chini. Yule wa malaria hulala bapa juu ya maji, tena hupenda maji ya wazi yanayopigwa jua. Hilo mlishike, maana kesi yote ilisimama juu yake.

Nilikuwa nimepanga chumba Kinondoni, na elimu ile niliipeleka nyumbani kila siku. Nilichungulia mtungi wa mama mwenye nyumba kabla ya kumwamkia. Nilimuuliza muuza samaki maswali ya polisi. Yule mama akaniita mpelelezi, na watu wa nyumba ile wakawa wananyamaza nikipita. Niliona sifa.

Baada ya chuo tuligawanywa mitaani kwa mafunzo ya vitendo. Mimi nilipelekwa Temeke, chini ya mzee niliyemwita Mzee Kondo. Alikuwa Mzaramo wa huko huko, hakusoma chuo chochote, alianza kazi akibeba kopo la mafuta ya kumwaga kwenye madimbwi. Alitembea polepole, akasalimia kila mlango, na aliweza kukuambia choo kipi kinakaribia kujaa bila kukifunua. Mwisho wa miezi mitatu yeye ndiye angejaza fomu yangu. Ilikuwa na maswali mengi, lakini lililobeba cheti lilikuwa la mwisho, kama mwanafunzi huyu anaweza kuaminiwa kufanya kazi peke yake. Jibu baya pale lilimaanisha kurudi Upare na sanduku langu.

Nilitaka aone kwamba chuo kimenifundisha. Pawa za serikali zilikuwa na mipini mifupi. Kisimani ulilazimika kulala kifudifudi. Basi nikatafuta mwanzi mrefu, nikautoboa karibu na ncha, nikapitisha waya nikafunga kikombe cha upawa barabara. Sasa niliweza kuchota kisimani nikiwa nimesimama, shati langu safi. Mzee Kondo aliutazama mwanzi ule, akasema ni mrefu. Nilidhani ana wivu.

Upawa ule nilikuwa nautumia mahali pawili tu, kwenye visima na kwenye mabonde ya mpunga. Jumanne tulianzia bondeni, ambako viluwiluwi vilikuwa tele, halafu tukapanda kwa Bi Mwanahawa. Visima vingine tulivikagua Alhamisi, siku isiyo na bonde. Kila nilipotoka bondeni nilisuuza kikombe mara tatu kwa maji ya chupa, nikihesabu kwa sauti.

Bi Mwanahawa alikuwa mama wa makamo anayeishi peke yake, na kisima cha uani kwake kilichimbwa na marehemu baba yake. Kilijengewa kibanda cha makuti na kufunikwa mbao, ndani giza, maji baridi. Mtaa mzima ulichota pale bure. Bomba la serikali lilikuwa mbali, na kina mama waliokuwa na watoto mgongoni hawakulipenda. Utaratibu wetu ulikuwa wazi: kisima kikikutwa na viluwiluwi mara tatu mfululizo, kinafukiwa.

Jumanne ya kwanza Mzee Kondo hakuingia uani. Alikaa kwenye baraza ya nje na mkoba wa chupa, akaniambia niende mwenyewe. Nilichota, nikamimina kwenye chupa bila kuona vizuri kwa sababu ya giza la kibanda, nikamletea, akaitia mkobani. Tulipofika ofisini nikaiweka dirishani. Viluwiluwi vinne, vimelala bapa.

Nilishtuka. Aina ile kisimani, gizani, chini ya mbao? Mwalimu wangu angenicheka. Jumanne ya pili ikawa hivyo hivyo, na mara hii nilitazama mkoba badala ya chupa. Mkoba ulikuwa kwa Mzee Kondo tangu nilipotoka uani mpaka ofisini.

Nikaanza kuulizia. Kinyozi wa pale njia panda aliniambia jambo ambalo Temeke nzima ililijua isipokuwa mimi: Bi Mwanahawa alikuwa mtalaka wa Mzee Kondo. Waliachana miaka mingi nyuma, kwa maneno mabaya, na tangu hapo mzee hakukanyaga ua ule. Ndiyo maana alikaa barazani. Mwingine angeona ni heshima ya mtu kwa nyumba asiyokuwa na haki nayo tena. Mimi niliona sababu ya kulipiza kisasi. Bondeni viluwiluwi ni tele, chupa anazo, mkoba anao. Usiku ule sikulala vizuri, si kwa huzuni, kwa furaha. Nilikuwa nimepata kesi.

Jumanne ya tatu nilimtega. Nilichota, nikaziba chupa, nikaitia mfukoni mwa kaptura yangu na sikuitoa mpaka ofisini. Mzee aliuangalia mfuko uliovimba, akatangulia njiani. Nilipoiweka dirishani, viluwiluwi vilikuwemo. Mtu mwenye akili angesimama hapo akafikiri. Mimi nilisema basi, kumbe havitii kwenye chupa, anavitia kisimani, labda kwa kumtuma mtu. Mchana huo huo nikamwandikia barua Bwana Mkubwa wa Afya, kwa mwandiko wangu mzuri wa chuo, kwamba Mzee Kondo ana kinyongo na mtalaka wake na anapandikiza viluwiluwi ili kisima chake kifukiwe.

Mtaona ujinga wangu. Barua ilimshtaki mzee, lakini matokeo ya chupa tatu yalikuwa yamekwisha andikwa daftarini kwa mkono wangu, na amri ikatoka kama kawaida: Jumamosi vibarua wangeleta kifusi. Bwana Mkubwa alisema uchunguzi wa barua utafanywa, ila kisima chenye mbu wa malaria hakisubiri uchunguzi. Mzee Kondo aliondolewa mitaani, akawekwa kwenye benchi la ofisi, mikono mapajani, bila kuambiwa ni nani aliyemsema. Mimi nikapewa kazi zake. Nilimpita asubuhi nikamwamkia, akaniitikia marahaba kama siku zote.

Ijumaa asubuhi nilimalizia bonde peke yangu, nikasuuza mara tatu, nikaenda kumpa Bi Mwanahawa amri yake. Nilipiga hodi, nikamsomea karatasi pale uani. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kata yake, kifuu chenye mpini wa mti.

"Mie nayanywa maji haya tangu sijaota meno," akasema. "Hao wadudu sijawaona hata siku moja. Wewe ndiye unayewaona, tena ukishaondoka."

Nilikasirika. Nilikuwa nimezoea kushuku watu, sikuzoea kushukiwa. Nikamwambia kuna mtu anayemfanyia ubaya na serikali inamjua. Akaniuliza ni nani, nikakataa kusema. Akafunua kisima, akachota kwa kata yake mara kumi, akijaza ndoo aliyoisugua mbele ya macho yangu. Kisha akamimina maji kidogo kidogo kwenye bakuli jeupe juani na kuniambia nitazame. Nilitazama maji yote mpaka ya mwisho. Hakukuwa na kitu. Akayarudisha ndooni.

"Haya. Sasa chota humu kwa hiyo fimbo yako."

Nilizamisha upawa wangu kwenye ndoo ile ile, nikauinua, nikamimina bakulini. Viluwiluwi viwili vililala bapa juu ya maji.

Nikaanza kueleza kwamba pengine katika ndoo, pengine jicho langu. Bi Mwanahawa akauchukua mwanzi mikononi mwangu. Akamwaga maji ya bakuli, akausimamisha mwanzi ndani yake, kikombe kikiwa kimeinama. Kwenye tundu nililotoboa kupitisha waya maji yakaanza kudondoka, tone kwa tone. Ndani ya pingili ya mwisho ya mwanzi kulikuwa na maji ya bondeni. Kikombe nilikisuuza kila mara. Mpini sikuwahi kuusuuza hata mara moja. Tulisubiri wote wawili, tumechutama, mpaka matone yakakoma. Nilihesabu saba.

"Umekuja nao, mwanangu," akasema. "Kila Jumanne umekuja nao."

Laiti angenitukana. Nilichukua baiskeli yangu nikatoka, na niwaambie kweli, kwa sababu hapa ndipo nilipotaka kufika: nilipofika njia panda nilisimama nikafikiria kuuvunja mwanzi na kunyamaza. Nani angemsikiliza? Mwanamke mmoja aliyeachwa, dhidi ya daftari la serikali. Kisima kingefukiwa kesho, mzee angestaafishwa, mimi ningepata cheti na sifa ya kugundua uovu. Kila kitu kilikuwa kimejipanga. Nilisimama pale mpaka kinyozi akaniuliza kama nimepatwa na pancha. Nikamwambia hapana. Nikapanda, na nilipopita kwenye mashimo nikayasikia mabaki ya maji yakicheza ndani ya mwanzi, chwa, chwa, kila gurudumu lilipodunda. Yalikuwa yakicheza hivyo wiki zote tatu.

Ofisini nilieleza yote mbele ya Bwana Mkubwa, Mzee Kondo akiwa benchini. Niliomba bakuli, nikawaonyesha. Bwana Mkubwa akachana amri ya kisima. Kisha akauliza habari ya barua. Nikasema nayo ni uongo. Akaitoa mezani, akanipa, akaniamuru niisome kwa sauti ili anayesemwa aisikie. Niliisoma. Nilipofika kwenye neno mtalaka nilisimama, akaniambia niendelee. Mzee Kondo alitazama sakafu mpaka nikamaliza. Sijawahi kuona aibu kama ile, kabla wala baada, na kazi hii imenipitisha kwenye vyoo vingi.

Tulipotoka nje niliomba radhi. Akaomba upawa, akauweka sikioni, akautikisa taratibu.

"Haya maji nilikuwa nayasikia," akasema. "Kila tukipanda kutoka bondeni."

"Mbona hukuniambia, mzee?"

"Ungeniamini?"

Hakungoja jibu. Akaongeza kwamba alidhani huenda ndivyo tulivyofundishwa chuoni, kubeba maji mpinini, mambo ya wasomi ni mengi. Kisha akaenda zake kuswali Ijumaa.

Nimelifikiria jambo lile miaka yangu yote ya kazi. Ikiwa alisikia, na mzee yule alisikia kila kitu Temeke, je, alikuwa akininyamazia mimi kwa sababu nisingemwamini, au alikuwa akikiacha kisima cha mtalaka wake kifukiwe kwa mkono wa kijana asiyejua? Kuna siku naona hivi, kuna siku naona vile. Nilimshuku mara moja bila haki, na nilipewa sababu ya kumshuku mara ya pili nikiwa sina uso wa kufanya hivyo. Kama chuo chenu kikuu kina somo la jambo hilo, mnitumie madaftari.

Jumanne iliyofuata tulirudi kwa Bi Mwanahawa. Mzee alikaa barazani. Mimi nilipiga hodi mikono mitupu, na kabla sijaingia mama yule alinipa kata yake. Tangu hapo, miaka yote, kila nyumba niliyoingia nilichota kwa kata ya mwenye nyumba, mbele yake, na upawa wa serikali ulibaki kwenye baiskeli. Wakaguzi walinikaripia kwa kutotumia vifaa rasmi. Baadhi yenu mlidhani ni heshima za kizamani. Si heshima. Ni kwamba kata ya mtu haitoki bondeni.

Miezi mitatu ilipokwisha Mzee Kondo aliniita ofisini. Fomu ilikuwa mbele yake, na kalamu aliishika kwa nguvu, kwa kuwa kuandika kulimtaabisha. Alijaza maswali ya mitaro, ya vyoo, ya nyama. Alipofika la mwisho, kama ninaweza kuaminiwa kufanya kazi peke yangu, aliandika neno moja, akatia sahihi, akanisogezea karatasi.

Ndiyo.

Nililisoma mara mbili. Halafu, mbele yake, nikaigeuza karatasi kutazama nyuma yake ameandika nini. Hakuwa ameandika kitu.